Zakayo Ashuka Mtini

Mkatekumeni akiulizwa na Padri sababu ya kutaka ubatizo, mara nyingi hujibu upesi: «Nataka kuokoka.» Jibu hilo ni jema. Lakini akiulizwa tena, «Kuokoka na nini?», wengi hunyamaza, au hutazama chini, au hutoa maneno ya katekisimu kama mtoto atoaye hesabu asiyoielewa. Mmoja husema kuokoka ni kutupa hirizi. Mwingine husema ni kuacha pombe na ngoma za usiku. Mwingine ameridhika kupata jina jipya, aitwe Petro au Maria, basi. Tena wako wale wanaokaa kiti cha nyuma mwaka baada ya mwaka, wasiandikishe majina yao, wakisema moyoni: «Nitangoja kwanza niwe mtu mwema, ndipo nitakwenda kwa Yezu.» Hao wa mwisho ni wa kuhurumiwa kuliko wote, maana wameishika kazi kwa ncha isiyo yake. Somo hili ni kwa ajili yao hasa, nalo lasimulia habari za mtu mmoja aliyekuwa juu ya mti.

Mtu wa Yeriko

Habari zake zimo katika Injili ya Mtakatifu Luka peke yake, sura ya 19, aya ya 1 hadi ya 10. Mji wa Yeriko wakaa bondeni karibu na mto Yordani, mahali pa chini sana, zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Kutoka huko mtu hupanda milima kwenda Yeruzalemu, mwendo wa kilometa zipatazo 27. Zamani za Yezu ulikuwa mji wa mitende na wa biashara. Misafara ilipita hapo, na palipopita misafara palikaa mtoza ushuru.

Kazi hiyo ilifanywaje? Watawala walitaka kiasi fulani cha fedha. Mtoza ushuru aliahidi kukilipa, kisha alichokusanya kupita kiasi kile kilikuwa chake mwenyewe. Mtu aliyepita na punda wake na mzigo wa ngano aliombwa zaidi ya haki, naye hakuwa na mahali pa kushtaki. Wazee wa Kongo waliosimuliwa na baba zao habari za kodi ya mpira hawana haja ya kufafanuliwa neno hili. Wanajua jinsi mtu mmoja wa kijiji, aliyepewa nguvu na wageni, awezavyo kuwa mchungu kwa ndugu zake kuliko wageni wenyewe.

Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru hao, tena tajiri. Jina lake kwa Kiebrania maana yake ni «safi», mtu asiye na kosa. Yawezekana watu wa Yeriko walipolitamka walicheka pembeni.

Siku moja alisikia kwamba Yezu apita mjini. Alitaka kumwona, lakini alikuwa mfupi wa kimo, na watu walikuwa wengi. Wala hakuna aliyempisha, na nani angempisha mtu wa namna ile? Basi alikimbia mbele, akapanda mkuyu. Msomaji asilipite jambo hili upesi. Mtu mkubwa hakimbii njiani, na mzee mwenye mali hapandi mti kama mtoto achungaye mbuzi. Zakayo aliisahau heshima yake. Kitu gani kilimpandisha? Hamu ya kumwona Yezu. Na hamu ile aliitoa wapi, mtu ambaye siku zote moyo wake ulikuwa kwenye fedha? Kanisa lafundisha kwamba hata mwanzo wa imani, hata ule mwendo mdogo wa kwanza wa moyo kumwelekea Mungu, ni neema. Basi kabla Yezu hajafika chini ya mti, neema yake ilikuwa imekwisha kupanda mtini pamoja na Zakayo.

Nani alitangulia?

Yezu alifika, akasimama, akatazama juu. Alimwita mtu yule kwa jina lake, akamwambia ashuke upesi, kwa kuwa siku ile ilimpasa kukaa nyumbani kwake.

Hapa mkatekumeni ahesabu vizuri. Saa ile Zakayo alikuwa amekwisha kurudisha nini cha watu? Hata sarafu moja hakurudisha. Alikuwa amekwisha kuungama? La. Alikuwa ameacha kazi yake mbaya, amefunga, amewasaidia maskini? Bado. Mfuko wake ulikuwa umejaa mali ya wengine, na Yezu alijua. Wala hakumwambia: «Nenda kwanza ukafagie nyumba yako, nami nitakuja mwezi ujao.» Alijialika mwenyewe, siku ile ile, katika nyumba yenye mali ya wizi.

Watu walinung'unika. Walisema kwamba ameingia kwa mwenye dhambi. Nung'uniko hilo lafundisha jambo kubwa. Muda mfupi kabla yake dharau yote ya mji ilikuwa juu ya Zakayo, na sasa imemwangukia Yezu. Ameichukua aibu ya yule mtu na kuiweka juu ya mabega yake mwenyewe. Tena njia aliyokuwa akiishika siku zile ilikuwa ndiyo ya kupanda Yeruzalemu, na huko, baada ya siku chache, alisulibiwa. Mtu asiseme basi kwamba wokovu wa Zakayo haukuwa na bei. Bei ilikuwapo, nayo ilikuwa kubwa. Ila mlipaji hakuwa Zakayo.

Neno «kuokoa» lenyewe latosha kufundisha, mtu akilisikiliza. Wakaaji wa kando ya Tanganyika na Kivu wamekwisha kuona mtumbwi ukipinduka kwa upepo. Mtu aangukaye majini huinua mkono, na mvuvi aliye karibu humshika, humvuta, humpandisha mtumbwini. Hakuna mvuvi amwambiaye azamaye: «Jikaushe kwanza, ndipo nikuokoe.» Kukauka huja baadaye, karibu na moto, pamoja na nguo nyingine na chakula cha moto. Maaskofu waliokutana katika Mtaguso wa Trento walilifundisha jambo hilo wazi tarehe 13 Januari 1547: kwamba katika yote yatanguliayo mtu kufanywa mwenye haki, iwe imani yake, iwe matendo yake, hakuna listahililo neema hiyo kama mshahara. Ni zawadi. Mtu huikubali kwa hiari, kama vile azamaye awezavyo kuushika mkono au kuukataa. Hata nguvu ya kuushika ni msaada wa Mungu.

Mkatekumeni aliyekawia

Afrika imekuwa na mkatekumeni mmoja mashuhuri aliyekaa kiti cha nyuma zaidi ya miaka 30. Ni Augustino, mzaliwa wa Tagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, aliyezaliwa mwaka 354. Mama yake Monika alikuwa Mkristu. Alimpeleka mtoto kutiwa ishara ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, kama ilivyokuwa desturi ya kuwapokea wakatekumeni siku zile. Lakini ubatizo ulicheleweshwa. Augustino alikua, akasoma sana, akawa mwalimu hodari wa ufasaha, naye aliishi na mwanamke asiye mke wake wa ndoa, akazaa naye mtoto. Alimjua Mungu kidogo, akampenda kidogo, na alipoomba apewe usafi wa mwili, moyoni alitaka usije upesi. Yeye mwenyewe alikiri hayo katika kitabu cha maungamo yake. Alijaribu kujifungua kamba kwa mikono iliyofungwa. Siku alipoacha kutumaini nguvu zake mwenyewe, Mungu alimfungua. Askofu Ambrosio alimbatiza huko Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, naye alikuwa mtu wa miaka 32. Baadaye alikuwa askofu wa Hipo, katika Afrika hiyo hiyo, na mwalimu wa Kanisa lote juu ya neema. Alijua neema ni nini kwa sababu alikuwa amejaribu kuishi bila hiyo.

Lakini Zakayo hakubaki vile vile

Sasa msomaji mwerevu aweza kusema: «Kama ni hivyo, nibatizwe kesho, nami nikae na mali yangu yote.» Huyo amesikia nusu ya habari.

Yezu hakumwomba Zakayo fedha. Injili haisemi kwamba alimhubiria juu ya wizi. Zakayo mwenyewe alisimama, akatoa ahadi mbili: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atarudishiwa mara 4. Kwa nini 4? Katika Torati ya Musa, mtu aliyekiri dhuluma yake alitakiwa kurudisha kile alichochukua na kuongeza sehemu ya 5 yake. Lakini aliyeiba kondoo, akamchinja au kumwuza, alitakiwa kulipa kondoo 4. Na kwa ng'ombe, alilipa 5. Zakayo basi hakujichagulia malipo mepesi ya mtu akosaye kidogo. Alijihukumu kama mwivi wa kondoo, mbele ya watu wote. Jina la kazi yake lilikuwa «ushuru», naye siku ile aliliita kwa jina la kweli.

Huko ndiko kuongoka. Kuokolewa ni kazi ya Yezu amvutaye mtu. Kuongoka ni mtu huyo kugeuka na kwenda kule anakovutwa. Wala mambo hayo mawili hayatenganiki. Mgeni akiingia kweli nyumbani, mwenye nyumba hawezi kuacha kitoweo cha wizi mezani mbele yake.

Linganisha na habari za Yuda. Yeye pia alirudisha. Vipande 30 vya fedha vyote alivirudisha, hata kimoja hakukiweka, naye alisema wazi kwamba amekosa. Ukiangalia fedha tu, Yuda alirudisha yote, lakini nusu ya mali ilibaki kwa Zakayo. Yuda alivipeleka vile vipande kwa makuhani, akavitupa hekaluni, kisha akaenda zake peke yake gizani. Hakwenda kwa Yezu. Majuto yasiyo na matumaini yalimwua. Kwa hiyo mkatekumeni asidhani kwamba kutupa vitu, hata vitu vingi, ni sawa na kuongoka. Hirizi yaweza kutupwa mtoni, na moyo ukabaki ukingoni ukiitazama inavyokwenda na maji.

Kuokolewa na nini?

Turudi kwa lile ulizo la Padri, maana bado halijajibiwa. Wengi hutaka ubatizo kama walivyotaka dawa ya mganga: mimba isiharibike, shamba lisikauke, mchawi asiwapate. Wakipata medali, huitazama kwa macho yale yale waliyoitazama hirizi. Kuomba afya na mvua si dhambi. Mungu ni Baba, na mtoto humwomba baba kila kitu. Lakini ikiwa hayo tu ndiyo wokovu, basi siku mtoto afapo, imani yafa pamoja naye.

Katika Kongo yenyewe yuko mtu aliyelifahamu jambo hili kuliko wengi waliosoma vitabu. Ni Mwenye Heri Bakanja Isidori, kijana wa Ekweta, wa kabila la Wamongo. Alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka, mji ulioitwa zamani Coquilhatville. Hapo alijifunza dini kwa wamisionari, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alivaa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli na kushika rozari, na popote alipokuwa aliwafundisha sala wenzake wa kazi. Baadaye alikwenda kutumikia kampuni moja ya Wazungu kando ya mto Busira, kisha mahali paitwapo Ikili. Mkubwa wa pale hakutaka kusikia habari za sala. Alimwamuru avue skapulari ile. Bakanja hakuivua. Mwaka 1909 alipigwa kwa kiboko cha ngozi chenye misumari, zaidi ya mapigo 100, hata mgongo wote ukawa jeraha moja. Majeraha hayo yalioza, hayakupona tena. Wamisionari walipomfikia mwezi wa Julai, walimpa sakramenti, wakamwambia amsamehe yule aliyempiga. Yeye alikuwa amekwisha kumsamehe, akaahidi kwamba atakapofika mbinguni atamwombea sana. Alifariki tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Sasa afikiriwe mtu mwenye hirizi. Ananunua hirizi ili asipigwe. Akipigwa, huitupa na kumdai mganga fedha zake. Skapulari ya Bakanja haikuzuia kiboko. Ilikileta. Naye hakuivua, maana hakuivaa ili imlinde mgongo. Aliivaa kwa kuwa alikuwa mali ya Mwingine. Kiboko kiliweza kuufikia mwili, lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho mkubwa yule, pamoja na kampuni yake yote, hakuweza kukitia ndani ya Bakanja: chuki. Kutoka katika dhambi, na katika chuki iliyo kama mama wa dhambi nyingi, na katika mauti ile isiyo na mwisho, ndiko mtu anakookolewa. Mkatekumeni huyo wa zamani alikuwa Mkristu kwa miaka mitatu tu alipokufa.

Mambo ya kurudisha

Yanabaki mambo ya kijijini, na hapo ndipo wengi hujikwaa kuliko katika mafumbo makubwa.

Chukueni mfano wa mtu aliyesogeza mpaka wa shamba la jirani yake usiku, miaka 10 iliyopita. Amevuna mihogo hapo mara nyingi. Sasa ajifunza dini, naye afika kila siku bila kukosa. Je, aruke jambo hilo kwa kuwa ubatizo waondoa dhambi zote? Ni kweli ubatizo waondoa dhambi zote. Lakini hauusogezi mpaka. Shamba la jirani labaki shamba la jirani, hata baada ya maji kumwagwa kichwani. Airudishe ardhi, na aone jinsi ya kulipa mavuno. Kama hawezi kulipa yote, aanze na awezayo, wapatane. Kama jirani amekufa, wako watoto wake. Kama hana mtu hata mmoja aliyebaki, maskini wapo. Wala hatakiwi kutangaza kosa lake sokoni. Padri aweza kumsaidia kurudisha bila kelele, hasa pale penye hatari ya vita kati ya jamaa na jamaa.

Jambo la wake wengi ni gumu zaidi, na limeliza watu wengi. Wako waliofanya haraka, wakamfukuza mwanamke na watoto wake mikono mitupu, kisha wakaja kanisani wakijisifu kwamba wameitii sheria ya Mungu. Sheria ya Kanisa haikuwaambia hivyo. Kitabu cha Sheria cha mwaka 1983, kanuni ya 1148, chasema kwamba mwanamume anayebatizwa akiwa na wake wengi abaki na mmoja. Lakini kanuni hiyo hiyo yamwamuru askofu aangalie kwamba mke wa kwanza na wale wengine waliotengwa wanatunzwa ipasavyo, kwa haki na kwa upendo. Mwanamke si hirizi ya kutupwa mtoni. Aliyelima shamba la mtu miaka 15 na kumzalia watoto ana haki, na kilio chake chafika mbele ya Mungu kabla ya wimbo wa mbatizwa.

Kwa ajili ya mambo kama hayo mafundisho huchukua muda. Kardinali Lavigerie, aliyewatuma Mapadri Weupe hadi Tanganyika, aliagiza miaka minne ya kujitayarisha, na wengi waliona ni mingi mno. Hawakuelewa kwamba miaka ile si malipo ya kununulia ubatizo. Ni muda wa mtu kushuka mtini. Taratibu iliyotolewa Roma mwaka 1972 yaendelea na desturi hiyo ya hatua kwa hatua: Dominika ya kwanza ya Kwaresima walio tayari huteuliwa na kuandikwa majina, na katika Dominika ya tatu, ya nne na ya tano Kanisa huwaombea kwa namna ya pekee, ili kilicho kigonjwa ndani yao kionekane na kuponywa. Katika wiki hizo mkatekumeni afanye safari zake ndogo za kijijini: kwa mwenye shamba, kwa mama wa watoto wake, kwa ndugu ambaye hawasalimiani tangu matanga ya baba yao. Huenda mlango ukafunguliwa. Huenda akajibiwa kwa matusi. Na usiku wa Pasaka, Padri atakapomwuliza kama amkataa Shetani na kazi zake zote, ataitika mbele ya watu wale wale aliowaendea, wakiwa wamesimama na mishumaa mikononi.